Zibueni mtaro kabla ya masika, na tope msiliache ukingoni
Masika ya Dar huanza Machi, kwa hiyo mtaro wa mtaa uzibuliwe Februari, jua likiwa bado kali. Wengi hapo wanajitahidi. Tatizo ni tope: likirundikwa ukingoni, mvua kubwa ya kwanza hulirudisha lote ndani, na jasho la watu limepotea bure. Lijazeni kwenye viroba siku hiyohiyo, kisha kila nyumba ichangie hela ya guta la kuviondoa. Chupa za plastiki zitengeni, wapo vijana wanaozinunua kwa kilo. Na tafadhali sana, anzieni kule chini maji yanakoishia, siyo mbele ya geti lako. Ukizibua juu peke yake, unamsukumia mafuriko jirani wa bondeni.