Kagua usalama wa gari lililotumika kabla hujatoa hela

Wateja wakiniletea gari niwakagulie, macho yao yako kwenye rangi na injini. Mimi huanza na mkanda wa kiti.

Uvute wote mpaka mwisho, upapase kingo zake. Nyuzi zikiwa zimechanika, au ukigoma kurudi, huenda gari limeshapata ajali. Kisha uvute kwa ghafla: lazima unase. Volvo ilianza kufunga mkanda huu wa pointi tatu mwaka 1959, kazi ya mhandisi wake Nils Bohlin, ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure. Kwangu mimi, hakijatokea kifaa cha kuuzidi.

Sasa washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumka kutoka kwenye usukani gari likigonga, inatakiwa iwake sekunde chache, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichezea. Ikisubiri injini iwake ndipo izime sambamba na taa ya oili, shuku kwamba nyaya zimeunganishwa ili kukuzuga. Niliwahi kufungua usukani wa gari la namna hiyo, ndani nikakuta tambara limekunjwa vizuri kabisa.

Eabegi ikiwepo, uliza kwa namba ya chesisi kama gari liliwahi kuitwa na mtengenezaji kurekebishwa. Eabegi za kampuni ya Kijapani ya Takata zilisababisha mamilioni ya magari kuitwa, kwa sababu baadhi zilikuwa zikilipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Na hata iliyo nzima hufumka haraka kuliko kope, kwa hiyo kifua chako kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Fungua boneti. Watu husifia magari ya zamani kwa ubati mzito, ila bodi isiyokunjika humwachia abiria kishindo chote. Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeshikilia kwamba pua na mkia vikunjike, chumba cha abiria kibaki imara. Gari lao la 1959 likatoka hivyo. Basi fuata kwa tochi ile mihimili miwili inayokwenda mbele, kulia na kushoto. Ukiona makunyanzi, alama za nyundo au welding ambayo upande wa pili haipo, liache gari hilo. Muhimili ulionyooshwa kienyeji hauwezi kuaminiwa kukunjika ulivyopangwa.

Mwisho ni ABS, mfumo wa breki unaozuia matairi yasifunge, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuleta kwenye gari la S-Class mwaka 1978. Tafuta uwanja mtupu wenye changarawe, nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie. Pedali itetemeke chini ya mguu, na usukani uendelee kukutii. Matairi yakifunga na gari likaserereka moja kwa moja, ABS haifanyi kazi.