Jinsi ya kuacha dawa na kurudi kwenye nywele za asili
Wasichana wengi wa Tanzania husoma katika shule zinazotaka nywele fupi, na wakimaliza huenda moja kwa moja saluni kutiwa dawa ya kunyoosha nywele, bila kuwahi kuzijua nywele zao wenyewe. Ndiyo maana naona kazi ya kwanza ni kuacha kuziita ngumu au chafu, hasa mbele ya watoto.

Dawa haitoki kwa kuoshwa, kwa hiyo unyoe nywele zote, au usubiri nywele mpya, ambazo huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, huku ukipunguza ncha za zamani. Ukisubiri, angalia sana pale nywele mpya zinapokutana na zile za dawa, kwani hapo ndipo zinapokatika: usizichane zikiwa kavu, bali zilowanishe, zipake mafuta ya nazi, zigawe mafungu manne, kisha tumia chanuo lenye meno mapana kuanzia kwenye ncha, ukipanda taratibu hadi kwenye ngozi.

Unaweza kusuka mabutu au twende kilioni, lakini msusi akivuta hadi vipele vikatokea pale nywele zinapoanzia juu ya paji la uso, mwambie alegeze, kwa sababu nywele za hapo zikivutwa kwa miaka huenda zisiote tena.