Saketi za mwanga kwa kompyuta ya kwanta: hesabu upotevu kabla hujachora

Haya, nyinyi mlionibana barazani pale Mkomani na maswali ya kompyuta za fotoni, yaani chembe za mwanga, ntawaeleza saketi yapangwa vipi, lapatopu yenye Python yatosha, chipu yenyewe huihitaji kuanza.

Tofali lako ni hili: kigawanya mwanga cha nusu kwa nusu, kigeuza feizi (chasogeza wimbi la mwanga mbele au nyuma), kisha kigawanya kingine. Hiyo ndo interferomita ya Mach-Zehnder, tuiite MZI. Kigeuza feizi cha katikati chaamua mwanga kiasi gani uende njia gani, na ukiongeza kimoja pembeni waamua feizi ya kutokea. Fotoni mbili zinazofanana kabisa zikifika pamoja kwenye kigawanya hutoka zote upande mmoja, Hong, Ou na Mandel walilionyesha 1987, sio kama punda wa Lamu wakikutana kichochoroni mpaka mmoja arudi nyuma. Moja ikichelewa kidogo tu au rangi zikitofautiana, mchezo umeharibika.

Alafu unafuma wavu wa MZI nyingi. Reck na wenzake 1994 walionyesha kuwa kwa njia N unahitaji MZI N(N−1)/2, wakazipanga pembetatu. Clements na wenzake 2016 wakatumia idadi ile ile lakini mstatili, kina, yaani MZI ngapi mwanga wapita mfululizo, kikashuka kutoka 2N−3 mpaka N. Mimi nilianza na pembetatu mana yachoreka vizuri, nikachora ya njia 50, MZI 1,225, nikajisifu mchana kutwa, jioni ndo nakumbuka mwanga unaopotea sijauhesabu.

Sa hesabu hivi. Tuseme kila MZI inakula desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea). Kwa njia 8, njia ndefu ya pembetatu inapita MZI 13, desibeli 2.6, fotoni inafika kama mara 55 kwa 100. Mstatili ni MZI 8, desibeli 1.6, mara 69, na uzuri wake njia zote zinapoteza karibu sawa, pembetatu inaonea zingine. Sasa ule mstatili upeleke njia 50: desibeli 10, inafika moja kati ya kumi, na ukitaka fotoni nne zifike zote ni mara moja kwa 10,000. Hapo hata uwe na leza ya dhahabu.

Kwa hivo usirefushe wavu, katakata. Knill, Laflamme na Milburn 2001 walionyesha kupima fotoni kwaweza kufanya kazi ambayo vigawanya peke yake haviwezi. Tengeneza saketi fupi za kufunga fotoni chache chache kikwanta, hali ya moja ifungamane na ya nyingine, kisha uziunge kwa kupima. Kiungo cha kawaida kinafaulu nusu ya mara tu, so weka nakala kadhaa sambamba, ditekta, kifaa cha kunasa fotoni, iseme ipi imefaulu, swichi ipitishe hiyo. Ila swichi nayo inakula mwanga, na fotoni inasubiri ndani ya faiba, vyote viingize kwenye desibeli zako, hapa ndo wengi wanajidanganya.

Vigeuza feizi vingi vinatumia kihita, na kihita kinapasha jirani, viachie nafasi. Kwenye simulesheni, programu ya Python iitwayo Perceval ya kampuni ya Quandela ni ya bure, haribu makusudi: feizi zipinde kidogo, vigawanya viwe 48 kwa 52, rudia mara mia uone. Lakini fotoni zikiwa nyingi memori inaliwa vibaya, anza na nne kwenye njia nane.