Somo: Kulala na joto kwenye karavani isiyo na umeme wakati wa baridi kali

Wadau, somo hili ni la walioko Uingereza wanaotoka na karavani kati ya Novemba na Machi kwenda Uskoti, Wales au Lake District, kwenye vile viwanja vidogo vya karavani tano: bomba la maji lipo, mahali pa kumwaga choo papo, umeme hakuna. Usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri huko si jambo la ajabu. Wengi hukimbilia kununua hita kubwa, kumbe karavani inayoganda usiku mara nyingi ina hita ya kutosha. Shida ni gesi isiyofaa, betri iliyokwisha, au mtu kaziba mahali pasipotakiwa kuzibwa.

Hatua ya 1: Kuegesha

Usiegeshe bondeni. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka na kutuama chini kama maji. Kupanda mita chache tu kwenye mteremko kunasaidia. Mlango uwe upande usiopigwa na upepo, na dirisha kubwa la mbele litazame kusini mashariki, maana Desemba jua huchomoza huko.

Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya karavani ili isigande na tope. Kaza kabari kwenye magurudumu, kisha achia breki ya mkono. Breki zilizolowa huganda zikashikana na dramu, na asubuhi gurudumu halizunguki.

Angalizo kwa wanaokwenda Uskoti: sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kufika na kulala na hema sehemu nyingi, ila haki hiyo haihusu vyombo vya moto. Kwa karavani, omba ruhusa ya mwenye ardhi.

Hatua ya 2: Kuzuia joto lisitoke

Anza na madirisha, kisha sakafu. Pazia lenye tabaka ya fedha linalofunika dirisha kwa nje linafanya kazi kuliko la ndani, kwa sababu dirisha lenyewe linabaki na joto na mvuke haugeuki maji juu yake. Pazia la ndani linazuia joto lisifike kwenye dirisha, hivyo asubuhi unakuta dirisha linachuruzika. Sakafuni tandika mkeka wa sponji, juu yake zulia. Ukikaa sehemu moja siku nyingi unaweza kuzungushia turubai chini ya karavani kukata upepo, lakini acha upande mmoja wazi.

Sasa matundu ya hewa, na hapa naomba msome taratibu. Yale matundu yaliyojengwa sakafuni na kwenye paa hayazibwi kamwe, hata upepo ukivuma vipi. Ya sakafuni yapo kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka chini na kutokea hapo. Ya juu yanatoa hewa chafu na unyevu. Watu wawili wakilala kwa muda wa saa nane hutoa mvuke wa nusu lita hadi lita moja ya maji kwa kupumua na jasho tu. Kila kilo ya gesi unayochoma kwenye jiko la kupikia inaongeza maji zaidi ya lita moja na nusu. Maji hayo yasipotoka nje yataingia kwenye godoro, kwenye nguo na ndani ya kuta, na blanketi lenye unyevu halikupi joto. Kama kuna mahali upepo unakupiga usoni, hamisha kichwa upande mwingine wa kitanda, tundu uliache.

Hatua ya 3: Gesi

Gesi ya kupikia tuliyoizoea nyumbani Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na kwa joto la kule hakuna anayeuliza kiasi gani cha ipi. Kwenye baridi inabidi uulize. Buteni huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, wakati propeni inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwenye mitungi ya Calor, kampuni ya gesi ya Uingereza, propeni ni mwekundu, buteni ni wa buluu. Majira ya baridi chukua mwekundu tu.

Hesabu ya matumizi iko hivi. Kilo moja ya propeni ina nishati ya kama kilowati-saa (kWh) 13, na hita ya wastani inakuachia 11 hivi ndani. Karavani ya wastani, nje nyuzi 0 na ndani 18, hupoteza kati ya kilowati 1 na 1.5. Ukiwasha usiku na mchana ni kWh 30 hivi, yaani karibu kilo 3 za gesi. Mtungi wa kilo 6 hautamaliza siku ya tatu. Ukishusha hadi nyuzi 10 au 12 usiku, na mchana ukiwa matembezini, unaweza kufika siku ya nne. Kwa wikendi beba mitungi miwili, na regulata (kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi) inayohamia mtungi wa pili yenyewe ni bora, kwa sababu gesi ina tabia ya kuisha saa tisa usiku.

Kila ukibadilisha mtungi paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea, funga na ukaze upya. Regulata iwe juu ya mtungi na mpira uwe unapanda kuielekea, ili mafuta yanayokuja na gesi yarudi mtungini badala ya kuiziba.

Hatua ya 4: Hita

Aina inayofaa ni moja tu: ile inayovuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba, iwe ya gesi au ya dizeli. Hita ya kubebeka ya gesi au mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi haifai kulala nayo. Inamwaga mvuke wote ndani na inakula oksijeni ile ile unayopumua.

Iwashe mapema, kwenye saa tisa na nusu alasiri, kabla kuta na makabati hayajapoa. Karavani iliyoganda huchukua saa mbili hivi kufika nyuzi 18: kipimajoto kitapanda haraka, lakini viti na godoro bado ni baridi na vinakunyang'anya joto. Usiku usiizime, ishushe.

Theluji ikianguka, kabla ya kulala na ukiamka, zunguka nje. Bomba la moshi juu ya paa liwe wazi, na chini ya sakafu, ambako hita nyingi za gesi huvuta hewa, kusiwe na rundo la theluji.

King'ora cha kaboni monoksaidi ni lazima. Tafuta chenye alama EN 50291-2, ambacho kimetengenezwa kwa magari na mashua. Cha nyumbani ni EN 50291-1. Kibonyeze kujaribu kila safari.

Hatua ya 5: Betri

Hata hita ya gesi inahitaji umeme wa feni. Hita ndogo ya dizeli hutumia ampea 1 hadi 2.5 ikiwa inaendelea, lakini wakati wa kuwaka huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache. Usiku wa saa 14 ni ampea-saa (Ah) 20 hadi 30. Ongeza taa, pampu ya maji na simu, unafika 35.

Betri ya AGM (ya risasi, iliyofungwa) ya Ah 100 haitumiwi yote, ni nusu tu, na kwenye nyuzi 0 hata hiyo nusu hupungua. Kwa hiyo una usiku mmoja na kidogo. Ikipumzika na kusoma volti 12.2, umeshafika nusu. Paneli ya sola ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa Uskoti mwezi Desemba mara nyingi haifiki Ah 5 kwa siku, hivyo usiitegemee. Beba betri ya pili.

Betri ya lithiamu inatoa zaidi, lakini haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujikusanya kama chuma ndani ya seli na uharibifu huo haurudi nyuma. Iweke ndani, chini ya kiti.

Hatua ya 6: Maji

Pipa la maji la nje livalishe koti la sponji na usiku ingiza pampu ndani. Ndoo ya maji machafu imwage kabla ya kulala. Paipu yake ining'inie moja kwa moja bila kulegea katikati, maana maji yanayotuama kwenye tumbo la paipu ndiyo huganda kwanza.

Ukiona maji yanamwagika chini ya karavani, usidhani tangi limepasuka. Hita za maji za kampuni ya Truma zina valvu inayofunguka yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, ikamwaga maji yasigande ndani. Haitakubali kufungwa hadi sehemu ilipo ifike nyuzi 7, kwa hiyo pasha karavani kwanza.

Hatua ya 7: Kitandani

Begi la kulalia lina namba kadhaa. Fuata ile ya starehe, achana na ile ya mwisho kabisa, ambayo ni ya kunusurika tu. Dakika 20 kabla ya kulala weka ndani yake chupa ya mpira ya maji ya moto, yasiwe yanachemka. Vaa soksi kavu ambazo hukushinda nazo, na kofia.

Asubuhi futa madirisha, kamua kitambaa nje, kisha fungua dirisha la paa dakika tano hita ikiwa juu kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtungi bado mzito, lakini moto unafifia kila ikifika alfajiri na mchana unarudi vizuri. Tatizo nini?*

Tazama rangi ya mtungi. Kama ni wa buluu, jibu ndilo hilo: buteni ipo ila imekuwa kimiminika tu. Usiumwagie maji ya moto wala kuupasha kwa moto wowote. Badilisha uchukue propeni. Kama tayari ni propeni, mpigie fundi wa gesi aikague regulata.

*Asante kwa somo. Je, jiko la mkaa likishakolea na moshi umeisha, naweza kuliingiza ndani nusu saa tu nipashe?*

Hapana, dada yangu, hata dakika tano. Moshi ukiisha ndipo watu hudanganyika. Mkaa uliokolea unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na karavani ni chumba kidogo sana. Hata ulioanza kufunikwa na majivu bado unatoa. Ukisikia kichwa kinauma, kichefuchefu na kizunguzungu, hasa mkiwa zaidi ya mmoja, tokeni wote nje kwanza, kisha pigeni 999, namba ya dharura. Msirudi ndani kuchukua vitu.

*Hita yangu ya dizeli inajaribu kuwaka, inatoa moshi mweupe, inazima. Betri inasoma 12.4.*

Ipime wakati inajaribu kuwaka, na upimie kwenye plagi ya hita yenyewe. Waya mwembamba au mrefu hupoteza volti pale ampea 10 zinapopita, na hita ikiona karibu 10.5 inajizima. Kama volti ziko sawa, uliza dizeli ni ya lini. Dizeli ya Uingereza ya kati ya Novemba na Machi hutengenezwa kustahimili nyuzi 15 chini ya sifuri, ya kiangazi ni 5 tu. Uliyojaza Septemba inaweza kutoa nta na kuziba chujio. Na kama huwa unaiacha usiku kucha kwenye moto mdogo, masizi yamejaa. Iendeshe juu kabisa dakika 20 kabla ya kuizima kila siku.

*Chini ya godoro kunalowa, na paa halivuji.*

Ni jasho lako. Limepita kwenye godoro na kukutana na ubao baridi. Weka chaga za mbao au mkeka wenye nyavu nene ili hewa ipite chini yake, na mchana simamisha godoro. Vitu ulivyosukumia kwenye kabati la chini ya kitanda usivibananishe na ukuta wa nje.

*Tuna mtoto wa miezi saba. Nyuzi 12 usiku zinamfaa?*

Hazimfai, shemeji. Ushauri wa Uingereza kwa chumba anacholala mtoto mchanga ni nyuzi 16 hadi 20. Mvalishe begi la mtoto la kulalia linalomtosha shingoni, bila blanketi zilizolegea, bila kofia ndani, na bila chupa ya maji ya moto kitandani mwake. Kwa nyuzi hizo hesabuni upya gesi na betri kwa usiku mzima. Ikiwa havitoshi, chukueni kiwanja chenye umeme safari hii.