Somo: Kupanga picha na maandishi katika kijitabu cha mazishi kwa kutumia Word

Kazi hii huingia saiba, yaani duka la kompyuta na uchapishaji, Jumatano au Alhamisi, maziko yakiwa Ijumaa au Jumamosi. Anayeileta ana simu iliyojaa picha za WhatsApp na wasifu wa marehemu ulioandikwa na watu watatu tofauti. Hakuna nafasi ya kupigana usiku kucha na picha inayoruka ukurasa. Somo linafuata kijitabu cha kurasa 8 za A5, yaani karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati, kwa kuwa familia nyingi huku Kisumu, Vihiga na Bungoma huomba hicho. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote, fahamu hili: Word inaijua picha kwa namna mbili tu. Ya kwanza, picha ni kama herufi moja kubwa ndani ya mstari, nayo husukumwa na maneno yaliyoitangulia. Hiyo ndiyo In Line with Text. Ya pili, picha inaelea, lakini imefungwa kwa nanga kwenye aya fulani. Aya ikihama, picha inaifuata. Mtu anayeburura picha bila kujua iko katika hali gani ndiye anayelia saa sita za usiku.

Hatua ya 1: Ukurasa

Nenda Layout, Size, uchague A5 (sm 14.8 kwa 21). Kisha Margins, Custom Margins, uweke sm 1.5 pande zote nne. Nafasi ya kuandikia inabaki sm 11.8 kwa upana na 18 kwa urefu. Ishike hiyo 11.8, vipimo vyote vya picha vinatoka hapo.

Usiandike kwenye A4 ukitegemea printa ipunguze baadaye. Herufi za saizi 12 zikipunguzwa kutoka A4 hadi A5 zinakuwa kama 8.5, na wazee ndio hasa wanaotaka kusoma wasifu ule. Andika moja kwa moja kwenye A5 kwa saizi 11 au 12.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Katika kijitabu cha kurasa 8, ukurasa wa 1 na wa 8 viko upande mmoja wa karatasi, 2 na 7 nyuma yake, 6 na 3 upande mmoja wa karatasi ya pili, na 4 na 5 katikati. Weka picha za familia kwenye 4 na 5, kwa sababu hapo tu ndipo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika. Mpangilio unaokaa vizuri: 1 jalada, 2 na 3 wasifu, 4 na 5 picha, 6 ratiba, 7 nyimbo, 8 shukrani.

Hatua ya 2: Pima picha kabla ya kuiingiza

Kanuni rahisi ni pikseli 100 kwa kila sentimita ya upana. Picha ya jalada yenye upana wa sm 9 inataka pikseli 900. Ikishuka chini ya 60 kwa sentimita, yaani 540 kwa picha hiyo, uso unaanza kufifia. Kujua, bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, usome Width. Picha iliyokatwa kutoka skrini ya simu mara nyingi hushindwa kipimo hiki. Mwambie mwenye picha aitume upya kwenye WhatsApp kama Document, si kama picha ya kawaida, ili isibanwe.

Kama picha iliyopo ni ya karatasi tu, itoe kwenye fremu yenye kioo, ilaze mezani karibu na dirisha mchana, zima taa ya kamera, na ushike simu juu yake sambamba kabisa. Simu ikiinama kidogo, kichwa kinakuwa kipana kuliko mabega.

Kisha File, Options, Advanced, shuka hadi Image Size and Quality, uweke alama kwenye Do not compress images in file. Fanya hivi kabla ya kuingiza picha. Ukichelewa, Word itakuwa imeshatupa pikseli na hutazirudisha.

Hatua ya 3: Jalada

Hapa picha ibaki In Line with Text. Haina maneno ya kuzungukwa nayo, kwa hiyo haina sababu ya kuelea. Insert, Pictures, This Device. Kwenye Picture Format bofya kishale kilicho chini ya Crop, Aspect Ratio, 3:4. Sogeza picha ndani ya fremu hadi macho yawe kwenye theluthi ya juu, ubonyeze Enter. Andika 9 kwenye kisanduku cha upana, na urefu utajiweka 12 wenyewe. Ctrl+E kuiweka katikati. Zinabaki sm 6 za kichwa cha habari, jina na tarehe, nazo zinatosha.

Usiivute picha kwa vishikio vya ubavuni. Ukilazimika kuvuta, vuta kwenye pembe. Kijitabu hiki kitawekwa kabatini miaka mingi, na uso uliotanuliwa si uso wa marehemu tena.

Hatua ya 4: Picha ndani ya wasifu

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nenda polepole.

Bandika wasifu kwanza, wote, bila picha hata moja. Unapobandika chagua Keep Text Only, la sivyo unabeba rangi na nafasi za ajabu kutoka WhatsApp. Soma majina yote pamoja na familia. Maandishi yakishatulia, bofya mwanzo wa aya inayohusika, tuseme ile ya ndoa, ndipo uingize picha. Mahali kielekezi kilipo ndipo nanga itakapofungwa.

Weka upana wa sm 4.5. Bofya kitufe kidogo cha Layout Options kando ya picha, uchague Square. Sasa kitufe cha kulia, Wrap Text, More Layout Options, kwenye ukurasa wa Position. Horizontal: Alignment, Right, relative to Margin. Vertical: Absolute position 0 below Paragraph. Weka alama kwenye Move object with text na Lock anchor. Toa alama kwenye Allow overlap. Kwenye Text Wrapping, sm 0.3 kushoto na 0.2 chini zinatosha.

Kwa hesabu hiyo maneno yanabaki na takribani sm 7. Usishuke chini ya 5. Safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mashimo meupe kati ya maneno, na maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mashimo yanakuwa makubwa zaidi. Tumia Ctrl+L, maandishi yanyooke kushoto tu. Nafasi ikiwa chini ya sm 2.5 hivi, Word haiweki maneno hapo kabisa.

Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichika, kisha bofya picha. Nanga itaonekana kando ya aya yake. Picha haiwezi kukaa ukurasa tofauti na ule wa nanga yake, na ukiifuta aya yote, picha inapotea nayo. Hilo likitokea, Ctrl+Z.

Tight na Through ziache. Zimekusudiwa picha zilizokatwa kufuata umbo, si picha za pasipoti.

Hatua ya 5: Kurasa za picha

Usiweke picha sita zinazoelea kwenye ukurasa mmoja. Tumia jedwali. Insert, Table, safu 2 kwa mistari 3. Kitufe cha kulia, Table Properties, Options, utoe alama kwenye Automatically resize to fit contents. Bila hatua hiyo, picha kubwa ya kwanza itatanua safu yake na kuibana ya jirani. Kila kisanduku kina sm 5.9, na Word huacha 0.19 kila upande, kwa hiyo picha iwe 5.5. Zikate zote kwa uwiano mmoja, 4:3, zitakuwa na urefu wa sm 4.1. Maelezo yaandike chini ya picha ndani ya kisanduku hichohicho, saizi 9. Mwisho Borders, No Border. Rudi Table Properties, na kwenye Row toa alama kwenye Allow row to break across pages, ili picha isibaki huku na maelezo kule.

Hatua ya 6: Kufunga

Kila ukurasa mpya uanze kwa Ctrl+Enter, kamwe si kwa kurundika Enter. Hifadhi kama PDF, uifungue kwenye Adobe Reader, Print, Booklet, Both sides, karatasi A4. Chapisha nakala moja, ikunje, mpe mtu wa familia aipitie kabla ya kutoa mia mbili.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mbale: Picha yangu ya jalada inaonyesha utepe mwembamba tu. Nimeiingiza mara tatu.

Jibu: Nafasi ya mistari imewekwa Exactly, labda pointi 14, nayo picha iko ndani ya mstari. Word inaonyesha pointi 14 za picha tu. Bofya aya ya picha, bonyeza Ctrl+1.

Swali, kutoka Ahero: Mwalimu, kila kitu kilikuwa sawa, kisha wakaleta majina ya wajukuu kumi na mmoja. Nikiyaongeza kwenye wasifu, kurasa za picha zinavunjika.

Jibu: Ukiwa umetumia Ctrl+Enter kati ya sehemu, kuongeza majina hakuwezi kuvunja jedwali. Kitakachotokea ni wasifu kumwagika ukurasa wa ziada, na kijitabu kuwa kurasa 9. Usiongeze kurasa tatu tupu kufikia 12. Andika wajukuu katika aya moja wakitenganishwa kwa mkato badala ya orodha ya kushuka chini, na upunguze picha ya wasifu kutoka 4.5 hadi 4. Kwa kawaida mistari minne au mitano inapatikana hapo.

Nyongeza, mwanachama wa Kisumu: Mimi huwaambia mapema kwamba ukurasa wa 8 una nafasi. Majina yakizidi, orodha ya wajukuu inakwenda huko juu ya shukrani.

Jibu: Hiyo ni bora kuliko kubana herufi. Asante.

Swali, kutoka Nakuru: Tunatumia LibreOffice. Sioni Layout Options.

Jibu: Bofya picha kwa kitufe cha kulia, utaona Anchor na Wrap. As Character ni sawa na In Line with Text ya Word. Kwa wasifu tumia To Paragraph au To Character pamoja na Wrap inayozungusha maneno. Usitumie To Page ikiwa faili itahifadhiwa kama docx, kwa sababu docx haina nanga ya aina hiyo, na picha zitahama zikifunguliwa kwenye Word. Kama kazi inaenda kuchapishwa kwingine, peleka PDF tu.

Swali, kutoka Bungoma: Upande wa nyuma unatoka kichwa chini.

Jibu: Printa inageuza karatasi kwa upande mrefu. Chagua Flip on short edge. Kama printa yako haichapishi pande mbili yenyewe, kwenye Booklet chagua Front side only, chapisha, rudisha karatasi, kisha Back side only. Jaribu na karatasi 2 kwanza, kwa sababu kila printa inataka karatasi zirudishwe kwa namna yake.

Swali, kutoka Kakamega: Familia inataka picha ya marehemu iwe kivuli nyuma ya wasifu wote. Nimeweka Behind Text, sasa siwezi hata kuishika.

Jibu: Alt+F10 inafungua orodha ya vitu vyote vilivyo kwenye ukurasa. Ichague picha humo. Kisha Picture Format, Color, Washout. Lakini zungumza nao kwa upole, dada. Uso nyuma ya maandishi unasumbua kusoma hata ukififishwa, na printa ya wino mchache huacha madoa mahali pa macho. Kama wanasisitiza, iweke ukurasa wa nyimbo, ambao watu wengi wanaujua kwa moyo.

Swali, kutoka Luanda: Faili imefika MB 60. Barua pepe inaikataa.

Jibu: Gmail inaishia MB 25. Chukua nakala ya faili kwanza, ile ya asili usiiguse. Kwenye nakala, bofya picha yoyote, Picture Format, Compress Pictures, toa alama kwenye Apply only to this picture, weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures, na uchague 220 ppi. Sehemu ulizokata bado zimo ndani ya faili hadi ufanye hivyo, na ndizo uzito mwingi. Jambo hili lina maana nyingine pia: ukimkata mtu pembeni mwa picha kwa ombi la familia kisha ukatuma docx, yeyote atakayebofya Crop atamwona. Kwa picha za namna hiyo, futa sehemu zilizokatwa kabla faili haijatoka mikononi mwako.