Kuvuka Mto Erme kwa Miguu

Njia ya Pwani ya Kusini Magharibi mwa Uingereza ina kilomita 1,014 hivi, Minehead hadi Poole. Kupotea si rahisi: fuata vibao vyenye mchoro wa tunda la mwaloni.

Kazi iko mto Erme, Devon. Daraja hakuna, mashua hakuna. Angalia jedwali la maji, uvuke ndani ya saa moja kabla au baada ya maji kupwa kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, acha. Mimi mtoto wa Tanga nilijiona bingwa wa bahari. Nikakuta maji yanajaa, nikasubiri hadi jioni na mkate mkavu. Funga kamba za viatu, vitundike shingoni, vaa kandambili zenye mikanda. Baridi yake, mama yangu! Vidole sikuvihisi.