Mtoto njiti na hesabu zake mbili za umri

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 ya mimba ana tarehe mbili: aliyozaliwa, na aliyotarajiwa kuzaliwa. Mambo huanza kuharibika pale nyumba nzima inaposhika moja tu. Chanjo na matone ya vitamini A hufuata tarehe ya kuzaliwa. Kukaa, kutambaa, kutembea na kusema hufuata ile ya pili, mpaka atimize miaka 2.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wiki 40, toa wiki alizokaa tumboni: 40 ukitoa 28 zinabaki 12, karibu miezi 3. Ikiwa leo ana miezi 18, mtizame kama wa miezi 15. Mgeni akiuliza, "Mwaka na nusu huyu, mbona hajatembea?", jibu la heshima linatosha: "Bibi, huyu mhesabie mwaka na miezi mitatu, alikuwa na haraka." Lakini sindano ya surua na rubela ya miezi 9 na ya 18 usiisogeze mbele kwa kuwa ni mdogo wa umbo. Yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

Kwenye kadi yake ya kliniki bandika karatasi moja: alizaliwa wiki ya ngapi, kilo ngapi, alikaa kwenye oksijeni siku ngapi, macho yalipimwa lini na majibu yakawaje. Daktari wa zamu usiku hana muda wa kusikiliza kisa kizima.

Mdomo uliozoea mpira

Aliyelishwa wiki kadhaa kwa mpira wa puani au mdomoni amejifunza mapema kwamba kitu kikija usoni kinaumiza. Ndiyo maana wengine hufunga mdomo wakiona kijiko, hutapika wakigusa bonge dogo, na hubakia na uji wa kunywa mpaka mwaka wa pili. Si ukaidi. Kumbana pua ili ameze kunamthibitishia tu kile alichokuwa anakiogopa, na wiki mbili za kazi yako zinapotea kwa mlo mmoja.

Kabla ya chakula, akae wima na nyayo zikanyage kitu, hata ikiwa ni boksi. Miguu ikining'inia, kiwiliwili kinayumba na taya halipati nguvu. Anza na chakula kizito cha aina moja, kama boga au shelisheli lililochemshwa kwa tui na kupondwa laini. Kipimo ni kugeuza kijiko: chakula kinate kidogo kabla hakijadondoka. Akishakizoea siku tano sita, ponda kwa uma badala ya kusaga, uache vibonge vya ukubwa wa punje ya mchele. Kisha mashendea (wali laini uliorojeka), kisha bokoboko (ngano na nyama zilizopondwa), kisha kipande cha kiazi kitamu kilichoiva sana akishike mwenyewe. Akichafuka mpaka nywele, mwache. Mkono uliozoea ule ulaini ndio unaoutuliza mdomo.

Wali wa mchuzi mwepesi uweke mwisho kabisa. Watu huuona ni chakula laini, kumbe ndio mgumu kuliko vyote: mchuzi unakimbilia kooni wakati ulimi bado unazitafuta punje, ndipo anapopaliwa.

Chakula kipya kikikataliwa, kirudishe kesho, kijiko kimoja tu, bila maneno mengi. Huenda ikachukua mara kumi au zaidi. Mlo usizidi nusu saa. Ukizidi, anachoka na anatumia nguvu kuliko anachopata. Katika mwaka wa pili anahitaji milo 3 hadi 4 na vitafunio mara 1 au 2, na kwa kuwa tumbo lake ni dogo, ongeza nguvu badala ya wingi: kijiko cha chai cha mafuta au tui zito kwenye bakuli, na dagaa waliosagwa unga. Chai iondoke kabisa kwenye chakula chake. Chai na mkate wa asubuhi humshibisha bila kumjenga, tena huzuia madini ya chuma, na njiti amezaliwa na akiba ndogo ya madini hayo. Badala yake mpe kipande cha papai au embe. Kama amepangiwa dawa ya chuma, kila akiongezeka uzito uliza kama dozi nayo ipande, maana wengi huendelea na ile ya alipokuwa na kilo 4.

Ubuyu, njugu na korosho nzima visimfikie. Akitoa sauti ya kutaka kutapika na macho yakalenga machozi, koo linajisafisha, usitie kidole. Akinyamaza ghafla, halii wala hakohoi, amesakamwa. Mlaze kifudifudi mapajani, kichwa chini, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, na ametimiza mwaka, nenda nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Asiyetimiza mwaka usimbonyeze tumbo.

Kifua

Mapafu yake yalianza kazi kabla ya wakati, na mafua ambayo binamu yake anayamaliza kwa siku tatu yeye yanaweza kumlaza spitali. Moshi ndio wa kwanza kushughulikiwa. Jiko la mkaa liende uani. Sigara nje ya nyumba, si dirishani. Na udi? Hapa ndipo ugomvi na wakubwa unapoanzia. Hakuna anayesema nyumba isinukie: chetezo kiwashwe wakati mtoto yuko kwa jirani, madirisha wazi, na arudi moshi ukiwa umeshatoka. Nguo zake zisifukizwe. Idd na harusini, mwenye kikohozi amsalimie kwa mbali.

Akianza kukohoa, hesabu pumzi. Subiri atulie au alale, funua fulana, weka saa ya simu dakika moja kamili, hesabu kila tumbo linapopanda. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mtoto hupumua kwa mafungu na utakosea. Kwa aliyetimiza mwaka, 40 au zaidi ni nyingi; wa miezi 2 hadi 11, 50. Hata kabla ya hesabu, nyama ya chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi. Kwa mkaazi wa visiwa vidogo vya Zanzibar kama Tumbatu au Kojani kuna bahari ya kuvuka, kwa hiyo uamuzi ufanywe jua halijazama.

Miguu

Njiti wengi hukakamaza mgongo na kusimama kwa vidole. Kigari cha kutembelea kinazidisha hayo hayo. Mpe jirani au kitupe. Tafuta kigoda kinacholingana na urefu wa kutoka goti mpaka unyayo wake. Mkalishe, visigino vyote chini, umwekee vifuniko vya sufuria sakafuni ainame avichukue. Siku nyingine viweke ukingoni mwa kitanda ili asimame kuvifuata. Mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni, inatosha.

Baadhi yao hawataki kuguswa nyayo, kwani visigino vilichomwa sana kutolewa damu. Anza na kiganja chako chenye mafuta ya nazi, kwa kukandamiza, si kwa kutekenya. Kisha mkeka, kisha mchanga mkavu wa pwani, mchanga wa maji mwisho.

Hapa hesabu ya kurekebisha umri isikulaze usingizi. Asiyekaa mwenyewe kwa miezi 9 ya hesabu ya pili, asiyetembea kwa miezi 18, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, ambaye miguu inapishana kama mkasi ukimnyanyua kwa makwapa, au aliyepoteza alichokuwa akikiweza, apelekwe. Unguja ni hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba anzia Abdalla Mzee, Mkoani. Uliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa jina hilo hilo, usiridhike na "atatembea tu".

Macho na masikio

Ziba jicho moja kwa kiganja wakati anacheza, kisha la pili. Akipigana nawe ukiziba moja tu, lile lililobaki wazi huenda halioni vizuri. Makengeza yanayobaki nayo ni ya daktari wa macho, si ya kusubiri.

Kushtuka kwa adhana ya spika si ushahidi kwamba anasikia. Mwingine ampakate akiwa amekupa mgongo. Wewe kaa umbali wa mkono, sugua karatasi taratibu upande mmoja, kisha wa pili, uone kama anageuka. Usipige makofi, upepo wake atauhisi shingoni.

Ukifika wakati wa skuli, tarehe mbili hurudi tena. Aliyezaliwa Disemba badala ya Machi huandikishwa na waliomzidi karibu mwaka mzima. Zungumza na mwalimu wa maandalizi mapema, uombe ahesabiwe na wa mwaka unaofuata.